Bomba Jekundu Linapotoa Maji Baridi

Dispensa yenye friji ni zawadi inayopendwa sana kwenye harusi na send-off siku hizi. Lakini upande wa maji ya moto ukigoma, nyumba nzima inaweza kununiana. Mhariri wetu yamemkuta, tena ukweni.

Saa nane usiku, Old Moshi, siku mbili kabla ya Krismasi. Mtoto wa miezi saba analia, chupa iko mkononi, maziwa ya kopo yako tayari. Nikabonyeza bomba jekundu la dispensa mpya nikisubiri maji ya moto. Yakatoka maji ya baridi kama yanatoka kwenye mfongo. Nikabonyeza tena. Yaleyale.

Kwa wasiopajua, Old Moshi ndiyo Moshi yenyewe ya zamani. Mji tunaouona leo ulikua huku chini baada ya reli ya kutoka Tanga kufika. Ukitaka kupanda kule unaiacha barabara kuu pale Kiboriloni, unaanza kukata kona katikati ya migomba na kahawa mpaka Kidia. Desemba siyo mwezi wa baridi kali, lakini usiku wa kule siyo usiku wa Sinza. Kutoka kitandani kwenda kuwasha jiko la mkaa huku mtoto anapiga kelele ni kasheshe.

Dispensa tuliinunua Dar kwa ajili ya mama mkwe. Ni ile ya kusimama, juu unaweka dumu la lita 18.9, katikati kuna bomba jekundu na la bluu, chini kuna kifriji. Tulijinyima miezi miwili ili mama asiamke alfajiri kuchochea moto. Sasa siku ya pili tu, imekuwa kimeo.

"Mume wangu, mashine haitoi maji ya moto."

"Itakuwa dada aliigusa wakati anadeki," akajibu, akageukia ukutani.

Asubuhi nikamuuliza wifi. Najua ningeweza kuuliza vizuri zaidi. Nilichosema ni, "Wifi, ulifanya nini kwenye ile mashine?" Mbele ya mama, mbele ya wageni waliokuja kutusalimia. Akasema hajaigusa. Nikatabasamu lile tabasamu la kutomwamini mtu. Hakunisemesha tena mpaka kesho yake.

Tutarudi kwa wifi. Kwanza tuizungumzie mashine, kwa sababu siku ile ningejua haya ninayokuandikia, aibu ile nisingeipata.

Mashine moja, kazi mbili

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba dispensa ya aina hii ni kama nyumba moja yenye wapangaji wawili. Kompresa inapoza. Inaendesha kifriji cha chini na kwa aina nyingi inapoza pia maji ya bomba la bluu. Kwa upande mwingine kuna kitangi kidogo, mara nyingi cha lita moja hivi, chenye hita ndani yake. Hicho ndicho kinacholisha bomba jekundu. Kila upande una swichi yake, kwa kawaida mgongoni mwa mashine.

Kwa hiyo soda zikiwa baridi lakini chai haitoki, usikimbilie kusema mashine imekufa. Umeme unaingia. Tatizo liko kwenye njia fupi inayoanzia swichi ya maji ya moto mpaka kwenye hita. Na kama pande zote mbili zimekaa kimya, usianze na hita. Anza na soketi, fyuzi ya plagi, friji gadi, au pengine uniti za LUKU zimekwisha na hakuna aliyesema.

Anza na vitu vya bure

Kabla ya kumpigia fundi, kagua haya. Hayahitaji bisibisi.

Moja, swichi ya mgongoni. Iko mahali ambapo fagio, dekio au mkono wa mtoto unaweza kuifikia. Izungushe macho, hakikisha imewashwa. Ukishaiwasha, kuna kitaa kwa mbele, chekundu au cha njano, kinachowaka maji yanapochemka na kuzima au kubadilika yakishafika.

Mbili, je, maji yanatoka kwenye bomba jekundu? Bomba hili lina kifungo cha kuzuia watoto wasiungue, lazima ukibonyeze au ukivute kwanza. Kama kifungo umekifungua na bado hakitoki kitu, huenda dumu halijakaa sawa au hewa imenasa. Linyanyue dumu, likalishe upya, usikilize "bulu bulu" ya maji kushuka. Maji kutotoka na maji kutoka yakiwa baridi ni magonjwa mawili tofauti, usiyachanganye unapomweleza fundi.

Tatu, umesubiri kiasi gani? Hapa wengi tunaionea mashine. Hita nyingi za dispensa ni za wati 500 hivi, siyo kama birika la umeme lenye wati 2,000. Kwa umeme kamili wa volti 230, lita moja ya maji yenye nyuzi 18 inachukua kama dakika 10 kufika nyuzi 90. Ukichota vikombe vinne mfululizo, cha tano usikilaumu kwa kuwa vuguvugu.

Nne, umeme wenyewe una nguvu? Ukiona taa zinafifia saa mbili usiku, kila nyumba ikiwa imewasha vitu vyake, ujue umeme umeshuka. Tuseme umeshuka hadi volti 170. Utadhani hita ya wati 500 inabaki na wati kama 370. Hapana. Nguvu ya hita inashuka haraka kuliko volti, kwa hiyo inabaki na wati 270 hivi. Zile dakika 10 zinakuwa 18 na zaidi. Hita yenyewe haiumii, inachelewa tu. Anayeumia ni kompresa, na ndiyo maana friji gadi siyo pambo.

Mlima nao una mambo yake

Wageni wetu wa kutoka Dar walikuwa na lalamiko lingine. Kwamba hata dispensa inapofanya kazi, maji yake "hayachemki". Ni kweli, na siyo ubovu. Kwanza, dispensa nyingi hazijatengenezwa kuchemsha maji yakatokota. Themostati inakata mahali fulani kati ya nyuzi 85 na 95, kisha yakipoa inawasha tena. Pili, kadiri unavyopanda juu, maji yanatokota kwenye joto dogo zaidi. Dar, pale usawa wa bahari, ni nyuzi 100. Moshi mjini ni kama 97. Ukifika mita 1,500 kwenye mteremko ni 95 hivi, na kwenye kambi ya Kibo, mita 4,700 na ushee, hayazidi 85 kwa sana. Ndiyo sababu maharage ya mlimani yanakula kuni.

Hili lina maana kwako wewe mama au baba wa mtoto anayetumia maziwa ya kopo. Unga ule hauna uhakika wa kutokuwa na vijidudu, ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linashauri ukorogwe kwa maji yasiyopungua nyuzi 70, kisha upozwe kabla ya kumpa mtoto. Dispensa nzima inafika hapo bila shida. Dispensa inayosumbua, inayotoa maji ya uvuguvugu, haifiki. Kwa hiyo usijidanganye kwamba "si yana joto kidogo". Kama huna uhakika, washa jiko. Na maji unayoweka juu yawe yale ambayo ungeyanywa bila wasiwasi, kwa sababu dispensa siyo chujio.

Kitufe kidogo chenye maana kubwa

Turudi Old Moshi. Mimi nilikagua swichi: iko sawa. Maji: yanatoka. Nikasubiri dakika 20, nikasubiri 40. Baridi. Akaitwa kijana wa jirani anayejua mambo ya umeme. Akachomoa plagi, akafungua mgongo, akachungulia, akasema, "Shemeji, hapa kuna kidude kimekata. Hakina kazi sana. Nakiruka tu, naunga waya moja kwa moja, dakika mbili unakunywa chai."

Nakiri, nilitaka kusema sawa. Mtoto alikuwa amelala vibaya usiku mbili, nami nilikuwa nimechoka. Aliyetuokoa ni mama mkwe, ambaye alikuwa amekaa pembeni anachambua maharage.

"Mwanangu, hicho kidude kazi yake nini?"

"Kinazuia mashine isiungue, mama."

"Na ukishakitoa, nani atazuia?"

Kijana akacheka kwa aibu, akafunga mgongo wa mashine.

Kidude chenyewe ni kinga ya joto. Kimebandikwa kwenye kitangi cha maji ya moto. Themostati ni ya kila siku, inakata na kuwasha. Kinga hii ni ya siku ya hatari. Joto likizidi kiasi, inakata umeme wa hita na mara nyingi hairudi yenyewe mpaka mtu abonyeze kitufe chake kidogo cha katikati. Sasa joto linazidije? Sababu kubwa ni hita kuwashwa kitangi kikiwa hakina maji. Kama sufuria tupu juu ya moto. Sababu ya pili ni ukoko mweupe, ule unaouona ndani ya birika la zamani, kuizunguka hita mpaka joto linashindwa kuingia kwenye maji. Ya tatu ni themostati kuganda, ikawa haikati tena.

Ukiiruka kinga hii kwa waya, mashine itafanya kazi vizuri kabisa mpaka siku dumu litakapoisha usiku watu wamelala. Hita itaendelea kuwaka bila maji, ndani ya boksi la plastiki, jikoni kwako. Hakuna kikombe cha chai chenye thamani hiyo.

Fundi aliuliza swali moja

Mkesha wa Krismasi alipanda fundi wa majokofu kutoka mjini, mzee mtulivu. Hakufungua begi kwanza. Aliuliza: "Siku mnaiwasha mara ya kwanza, mlisubiri maji yatoke kwenye bomba jekundu ndipo mkawasha swichi ya moto? Au mliwasha kwanza?"

Sebule ikanyamaza. Nikamtazama mume wangu. Yeye alikuwa anatazama viatu vyake.

"Niliwasha kwanza," akasema. "Mama alikuwa ameingia na majirani. Nilitaka waone taa zinawaka. Dumu nikaja kuliweka baadaye."

Fundi alitikisa kichwa kama daktari aliyezoea. Akachomoa plagi, akaacha mashine ipoe, akafungua mgongo, akapima hita kwa mita. Hita ya wati 500 iliyo nzima inaonyesha kama omu 105. Ikikatika ndani, mita haisomi kitu, na hapo dawa ni kubadilisha. Yetu ilikuwa nzima. Akabonyeza kile kitufe. "Ta." Akarudisha mgongo, akaweka dumu, akafungua bomba jekundu mpaka maji yakatoka bila kukatika, ndipo akawasha. Baada ya robo saa maji yalikuwa yanatoa mvuke.

Kitufe tu. Siku mbili za kununiana, usiku mbili za jiko la mkaa, na wifi yangu kuonekana mharibifu kwenye nyumba ya mama yake, kwa sababu ya kitufe.

Akatuachia onyo. Kinga ikikata mara moja na sababu inajulikana, ibonyeze uendelee. Ikikata tena wakati maji yamejaa, usiibonyeze mara ya tatu. Mwite fundi aangalie ukoko na themostati. Kuhusu ukoko, mashine nyingi zina kizibo mgongoni cha kumwagia maji ya kitangi. Chomoa plagi, acha yapoe kabisa, mwaga. Kisha safisha kwa siki au maji ya limao yaliyochanganywa na maji, kwa namna kitabu cha mashine yako kinavyosema, na suuza mpaka harufu iishe.

Akagusia na plagi. Yetu ilikuwa ya pini mbili za mviringo, na mume wangu alikuwa amechokonoa tundu la juu la soketi kwa kalamu ili ziingie. Wengi tunafanya hivyo. Lakini tundu lile la juu ndilo la waya wa ethi, ule unaoubeba umeme uliovuja kwenda ardhini badala ya kupitia mwilini mwako. Mashine yenye maji, chuma na hita ndani yake ni ya mwisho kabisa kukosa ethi. Weka plagi ya pini tatu iliyofungwa sawasawa, na soketi ambayo ethi yake imeshika kweli. Na wale wanaoletewa vitu na ndugu wa Marekani, ikiwemo zile friji kubwa zinazotoa maji ya moto mlangoni: kule umeme wao ni volti 120. Soma kibandiko cha mgongoni kabla hujachomeka, usije ukapoteza mzigo kwa sekunde moja.

Nani kaharibu?

Usiku ule nilimuuliza mume wangu kwa nini hakusema tangu mwanzo. Akasema alidhani ameiunguza kabisa, akaona haya. Miezi miwili tulijinyima, halafu yeye anaiua kwa dakika tano mbele ya majirani. Akatumaini itapona yenyewe. Jina la dada yake lilimtoka tu, na likishatoka hakujua namna ya kulirudisha.

Nilikuwa na hotuba nzima kichwani. Sikuitoa, kwa sababu nami nilikuwa na langu. Yeye alisema "itakuwa", mimi ndiye niliyelibeba mpaka mbele ya watu. Hatukuuliza "nini kimetokea tangu mara ya mwisho ilipofanya kazi?", swali ambalo fundi alianza nalo. Tuliuliza "nani kaharibu?" Swali hilo linamfanya kila mtu ndani ya nyumba afiche anachokijua. Na anachokificha ndicho hasa fundi anachokihitaji.

Uchagani, mtu akikuletea jani la isale kuomba msamaha, si rahisi kumkatalia. Asubuhi ya Krismasi mume wangu alitoka kwenda uani, akarudi na majani mawili. "Moja la kwako," akaniambia, "moja langu." Tukamfuata wifi jikoni kama watoto waliovunja sahani. Akatutazama, akatazama majani, akacheka mpaka akaweka mwiko chini. Halafu akasema, "Mmeyapokea kwangu, lakini mbele ya wale wageni nani atanisafisha?" Alikuwa na haki. Mchana, watu walipokuja kula, nilisimama nikalisema kwa sauti ileile niliyomwulizia. Haikuwa rahisi. Mume wangu naye akasimama akasema lake.

BANDIKA HII KWENYE MLANGO WA FRIJI

• Dispensa ikisafirishwa imelazwa, isimamishe saa kadhaa kabla ya kuwasha, mafuta ya kompresa yatulie.
• Dumu kwanza, fungua bomba jekundu mpaka maji yatoke, ndipo uwashe swichi ya moto.
• Ukisafiri au dumu likiisha, zima swichi ya moto.
• Friji inapoza lakini maji hayapati moto? Angalia swichi ya mgongoni, subiri dakika 20, angalia nguvu ya umeme, kisha kinga ya joto.
• Chomoa plagi na acha ipoe kabla ya kufungua chochote. Mikono mikavu, viatu miguuni.
• Harufu ya kuungua, maji yanavuja chini, au ukigusa mashine inakutetemesha? Usiiguse tena. Zima swichi kuu, mwite fundi.
• Fundi akisema "naruka hiki kidude", mshukuru kwa muda wake, mfungulie mlango.

Dispensa ya mama bado inafanya kazi. Tulipompigia wiki iliyopita alisema majirani wanakuja kuchota maji ya chai. Lakini kila usiku, kabla ya kulala, bado anajaza chupa ya chai ya zamani na kuiweka kando ya kitanda. Nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Mwanangu, mashine naipenda. Lakini hii haijawahi kuniuliza habari za umeme."